Fundi Ghalib Anastaafu, na Gari Jekundu Linamngoja

Baada ya miaka thelathini na miwili katika gereji ya Mzee Barakat hapa Changamwe, Fundi Ghalib Khatibu anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1963. Wasifu huu ameukubali kwa sharti moja, kwamba aibu ya gari jekundu isifichwe. Sherehe ya kumuaga bado hajaikubali. Amesema atapita mlango wa nyuma na kwenda zake.

Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Huja kutoka Mtongwe na kanzu safi, akaivua na kuvaa ovaroli, na bado mkewe, Bi Alawiya, huapa kwamba kanzu hiyo hurudi na doa la girisi hata siku za Idi. Injini huisikiliza kwa kijiti sikioni. Ukimsemesha hapo utajuta, maana hatakujibu mpaka umesahau ulichouliza.

Mwaka 1959 Yeslam, mwana wa Mzee Barakat, alitaka gari lake jekundu lishinde mbio za kupanda kilima cha Mazeras. Fundi Ghalib akaamua kulifungia tabo, ile feni ya chuma inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Uani mlikuwa na tabo za injini kuukuu za dizeli. Yeslam aliipenda ile kubwa. Fundi akamwambia hiyo ni nzito, itaamka gari likishapita kilima na kufika Mariakani, akachagua ndogo.

Kazi ikawa kupambana na joto. Alikata matundu kwenye boneti, akaweka bati kati ya ekzosi na kabureta, na bomba la moshi akalizungushia kamba ya asbesto. Kila siku yeye na mwenzake Nzai walilijaribu barabara ya Magongo, Nzai akisoma mita ya joto na kuomba dua za dini zote. Sheria ya Fundi tuliijua sote: gari likirudi lina moto, liachwe lingurume taratibu mpaka tabo ipoe, kwa kuwa injini ikizimwa ghafla, mafuta ya kulainisha yatasimama humo ndani na kuungua.

Lakini walikuwa wakirudi adhuhuri, na msikiti uko ng'ambo ya barabara. Adhana ikianza, gereji yetu hunyamaza. Nyundo hutuliwa, redio hufungwa, hata Nzai asiyeswali huweka spana chini. Fundi Ghalib naye alizima injini papo hapo, akaitikia adhana. Hakuna aliyeona kosa. Nani angemwambia mtu aache gari lingurume juu ya adhana?

Siku ya mbio, Magongo nzima ilihamia Mazeras. Gari halikufika nusu ya kilima. Lilipiga ukelele, likatoa moshi wa buluu na kusimama, na Yeslam akalisukuma kurudi chini huku watu wakicheka. Tabo ilipofunguliwa, mafuta yalikuwa yameganda kama ukoko wa wali. Fundi akaishika, akaelewa kwamba ni kule kuizima ingali moto kila adhuhuri. Mbele ya wote alimwambia Mzee Barakat kwamba kosa ni lake. Alikataa katakata tuitaje adhana kama udhuru. Adhana ilikuja kwa wakati wake, alisema, aliyechelewa kurudi ni yeye.

Tangu hapo hajaligusa gari hilo. Lori akilifufua na kusifiwa, huinamisha kichwa. Yeslam humsalimu shikamoo kila asubuhi, naye humjibu akitazama sakafu. Hilo limetuuma sote, na Yeslam zaidi. Hakuwahi kumlaumu, na amesema hatashindana tena mpaka Fundi, mwalimu wake, amtazame usoni.

Kwa hiyo, Fundi Ghalib, sikiliza. Nzai amefunga tabo nyingine, ndogo kama uliyoichagua wewe. Jumamosi Yeslam atalipandisha gari Mazeras, si kwa mashindano, na atarudi tukishaswali alasiri. Kutoka hapo hadi magharibi muda ni mrefu, wala hakuna adhana ya kuukatiza. Gari litasimama mbele ya mlango wa nyuma, ule unaotaka kupita, likinguruma taratibu, na yeye ataketi ndani.

Ahsante kwa kazi yako na kwa ukweli wako. Mola akupe afya, wewe na Bi Alawiya, na mapumziko marefu ya Mtongwe. Ila kabla hujaondoka, subiri tabo ipoe, mtazame Yeslam, kisha uizime injini mwenyewe. Hapana mwingine atakayeugusa ufunguo.