Mzee wa Ukuta Anaagana na Njia ya Tatu

Na ndiyo maana, kama nilivyosema kwenye chai ya saa nne, mistari mitano ya tangazo la kuaga haimtoshi mtu huyu. Mwenyekiti wa kamati ya kuaga alicheka, akaniambia basi andika wewe, maana tangu uolewe kila kitu unakiona kina maua. Haya, nimeandika. Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili, msimamizi wetu wa bwawa, ambaye sote tunamwita Mzee wa Ukuta, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Alianza kwa kusugua vigae na kutoa nywele kwenye machujio. Akapanda hadi kupima dawa ya maji, akawa msimamizi, na katikati ya hayo akasomea uamuzi wa mashindano ya kuogelea mpaka akapata cheti cha kimataifa. Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha langu la tiketi, huzunguka bwawa ndala zikilia pwata pwata, kisha huchuchumaa mwisho wa kila njia ya waogeleaji na kubandika viganja vyote viwili ukutani. Wageni hudhani anaomba dua. Kumbe anatafuta kigae kilicholegea, maana kikikata kidole cha mtoto yeye ndiye atakayekosa usingizi.

Mke wake alikuwa mwenzetu pia. Alikaa kaunta ya funguo za vyumba vya kubadilishia nguo, nasi tukamwita Mama Funguo. Walikuja pamoja na kuondoka pamoja, mama mbele, mzee nyuma na mkoba wa mkewe kwapani, bila haya hata chembe. Nilipokuwa bado sijachumbiwa niliwatazama kupitia dirishani nikaomba kimoyomoyo nami nipate wa kunibebea mkoba. Nimempata, ni fundi wa pampu, wengi wenu mlikula keki yetu majuma sita yaliyopita.

Lakini wasifu huu hauwezi kuiruka ile fainali. Miaka kumi na tisa iliyopita nchi yetu ilipokea michezo ya kimataifa, riadha kule, ndondi kule, na kuogelea hapa kwetu. Katika mita mia moja za wanaume, mtindo wa chura, mwogeleaji wetu pekee aliyefika fainali alikuwa mdogo wake Mama Funguo, yaani shemeji wa mzee. Mwamuzi wa njia ya tatu aliamka tumbo limemchafuka, na mzee akahamishiwa pale. Alimwendea mwamuzi mkuu akamwambia yule ni shemeji yangu. Akajibiwa basi utamtambua vizuri, kasimame.

Sheria ya mtindo wa chura ni moja isiyo na huruma: mikono miwili lazima iguse ukuta kwa pamoja. Shemeji aligusa akiwa wa tatu. Jukwaa zima likasimama, Mama Funguo akarusha rundo la funguo hewani. Na mzee, peke yake ndani ya kelele zile, akanyoosha mkono juu, ishara ya kosa. Mkono wa kushoto wa shemeji ulitangulia, wa kulia ukafuata. Hapakuwa na kamera chini ya maji. Palikuwa na macho yake tu. Medali ya shaba, ambayo ingekuwa ya kwanza kwetu katika kuogelea, ikaenda kwa mtu wa nne.

Jioni ile Mama Funguo alimwuliza mara moja tu: "Umeona kweli?" Akajibu ameona. Mama akasema basi, akampakulia chakula, kisha akaenda kulia na mdogo wake. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini. Shemeji aliapa kwamba mikono yake ilifika pamoja, na hakukanyaga tena bwawani wala nyumbani kwa mzee. Watu waliokuwa wakitaniana hadi wasikilizaji wanashika mbavu, wakawa kama hawajawahi kujuana.

Mama Funguo hakukubali utengano huo. Kila akitoka kwa mdogo wake alimwambia mumewe, "Shemeji yako anakusalimu sana." Akienda kule alisema, "Shemeji yako anakusalimu sana, anauliza goti lako." Hakuna aliyekuwa ametuma salamu. Mzee alinieleza haya juzi akitabasamu. Alijua tangu mwanzo, kwa sababu shemeji yake hajawahi kutamka neno "sana" maishani mwake. Lakini alizipokea zote, miaka yote, akiziitikia kwa heshima kama za kweli.

Walikuwa wamepanga kustaafu siku moja, Ijumaa hii hii. Barua zao mbili ziliandikwa kwa mwandiko mmoja, wa mama. Ya kwake bado imo kwenye faili. Miezi minane iliyopita alitutoka; ugonjwa haukumpa hata muda wa kukabidhi kaunta. Mazikoni wale wawili walisimama pande mbili za kaburi. Tangu siku hiyo mzee huondoka kazini peke yake, kwapa amelibana, kama bado kuna mkoba.

Jumanne iliyopita, mapema, mtu mwenye mabega mapana na mvi tele alikuja dirishani akaomba tiketi moja. Nilimtambua kwa macho, yalikuwa ya Mama Funguo. Niliacha dirisha wazi, mniwie radhi, nikamfuata. Akaingia majini, akaogelea polepole kwa mtindo wake uleule hadi mwisho wa njia ya tatu, mahali mzee alipokuwa amechuchumaa na viganja vyake. Akagusa ukuta.

"Shemeji," akasema, "salamu zako zimekoma."

"Na zako pia," mzee akajibu.

Kisha yule wa majini akauliza, "Leo je, umeona?"

"Nimeona. Wa kulia bado unachelewa."

Walicheka mpaka mume wangu akatoka mbio chumba cha pampu, spana mkononi, akidhani kuna mtu anazama. Na katikati ya kicheko kile mzee akageukia kaunta ya funguo, mdomo umeshafunguka, amwite mkewe aje asikie. Kaunta ilikuwa tupu. Shemeji alipanda kutoka majini, akamshika bega, maji yakimtiririka, nasi tukatazama kwingine.

Kwenye harusi yetu tulimwomba neno la busara. Alisema ndoa nayo ni mtindo wa chura: gusa pamoja, na aliyewahi amngoje mwenzake. Nadhani Mama Funguo, aliyewahi, sasa anamngoja.

Mzee wetu, asante kwa maji safi, na kwa jicho lako lisilopendelea hata jamaa. Tunakuombea siku tulivu na mlango usiokosa hodi. Shemeji yako anakusalimu, na safari hii ni kweli, maana hakusema "sana". Mimi na mume wangu tumekubaliana tumpitie njiani, na tutabisha kwako sote watatu kabla mwezi huu haujaisha.