Kadi Alizozifunga Sirili

Hili nalo mnataka nilisimulie tena. Kila nikikaa nichambue maharage yangu kwa amani anatokea mmoja wenu na, "Bibi, hebu ile ya Sirili na kadi zake," utadhani ni hadithi ya sungura. Kuna mtu aliumia hapo, mkumbuke hilo kabla hamjaanza kucheka. Haya. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Kwa Sadala, pale barabara ya kupanda Masama inapoachana na lami. Palikuwa na gogo limelazwa kando ya ukuta wa fundi cherehani, na mbele yake Gladys aliweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Wanaume wa gogo walikuwa wakulima wa kahawa wote. Waliivuna huko juu, wakaiuza kwa mnunuzi kwa bei ya kutupa, kisha wakashuka kila saa kumi kuja kuinunua kwa Gladys, kikombe shilingi ishirini, na kuona wamefaidi.

Siku hiyo walikuwa watatu. Eliufoo waliyemwita Gavana, kwa kuwa aliwahi kufagia benki Moshi mjini miaka mitatu na tangu hapo hakuna jambo la fedha lililompita. Yohana waliyemwita Redio, ambaye hakuwa na redio, ila alisikia kila kitu. Na Basili, Tarishi, aliyekuwa akipeleka hati za mahakama zamani, akadhani sheria ilimwingia kwa kushika bahasha. Wa nne ndiye aliyekuwa anakuja kwa miguu kutoka ofisi ya chama cha akiba na mikopo, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye matope ilhali ni kiangazi. Huyo ni Sirili. Yeye jina lake la gogo lilikuwa Risiti, maana hakutupa karatasi hata moja tangu alipooa.

Alikaa. Hakusalimu. Gladys akamimina bila kuulizwa.

— Risiti, wamekupa?

— Elfu kumi na mbili.

— Uliomba laki na sitini!

— Najua nilichoomba, Gladys.

Sirili aliishika ile kahawa bila kunywa. Mkewe, Eunike, alikuwa amelala hospitali kubwa siku ya kumi na nne, mguu umening'inizwa jiwe. Aliteleza kwenye mfereji akizibua maji ya shamba, paja likavunjika juu karibu na nyonga. Daktari wa kuweka vyuma alikuwa anakuja Jumamosi, na akiondoka harudi mpaka wiki sita. Chuma kinalipiwa kwanza, laki na sitini. Wiki sita, muuguzi alimwambia Sirili, mfupa haungoji mtu, unajiunga wenyewe unavyotaka. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

— Chama umekaa nacho miaka mingapi? Redio akauliza.

— Tangu themanini na sita.

— Uliwahi kuchelewesha?

— Siku moja haijapita. Risiti zote ziko nyumbani.

— Basi mimi nakwambia kilichotokea, Redio akasogea. Hii ni amri kutoka Ulaya. Mtu asiyedaiwa hawamtaki. Faida wataipata wapi? Wameleta orodha, wanaolipa vizuri wasikopeshwe tena, wakopeshwe wale wanaosumbua.

— Wewe Redio, betri zako zimelowa, alisema Tarishi. Jambo ni la kisheria. Risiti, ile kadi yako wakati ule waliigonga muhuri gani?

Sirili alijibu kwa sauti ya chini:

— Imefungwa.

— Haya! Imefungwa! Mahakamani aliyefungwa ni nani? Mfungwa. Jina lako lilishapelekwa Dodoma pamoja na majina ya wafungwa. Hutoki mpaka rais asamehe.

Gladys alicheka, akakoma alipomwona Sirili usoni.

Sasa ngoja niwaambie habari ya muhuri, maana hapo ndipo mzizi ulipo.

Sirili alikuwa na kadi mbili za chama. Moja ya mwaka themanini na sita, ya pembejeo. Nyingine ya themanini na tisa, ya ada za watoto. Kila kadi ilikuwa na kiwango chake, na jinsi ulivyokopa ukarudisha, kiwango kilipanda. Ile ya kwanza ilianza na elfu tano, ikafika laki. Ya pili ikafika elfu tisini. Mwaka wa tisini na tano wanunuzi binafsi wakaja mpaka milangoni na fedha taslimu mkononi, kahawa ikapanda bei kama wazimu, na Sirili akalipa deni lote, shilingi ya mwisho. Alishuka hapo gogoni akinukia sabuni, akawanunulia wote kahawa na kashata.

Hapo ndipo Gavana alipofungua mdomo. "Umelipa, sawa. Lakini umefunga?" Sirili akasema hajafunga. "Aa! Bwana, deni lililolipwa bila kufungwa ni kaburi lisilofukiwa. Pale benki kila mwisho wa mwaka tulikuwa tunafunga hesabu. Tunafunga! Nenda kafunge kadi zote mbili, jina lako libaki safi, ukirudi kuomba wakuone kama mtoto aliyebatizwa leo." Aliyasikia hayo ya kufunga hesabu akiwa anafagia chini ya meza, hakujua ni kitu gani. Lakini aliyasema kwa uso wa meneja, na Sirili alipenda mambo yaliyonyooka. Kesho yake akaenda chama, akaomba zifungwe. Karani akamwuliza mara mbili, baba una uhakika? Akasema ana uhakika. Zikagongwa muhuri. Akarudi anatembea kama bwana harusi.

Miezi michache baadaye alihitaji mrututu wa kunyunyizia mibuni, akafungua kadi mpya. Kadi mpya, kiwango elfu hamsini. Akakopa elfu thelathini na nane. Hakuna aliyejali. Mpaka Eunike alipoteleza.

— Na katibu alikwambiaje? Tarishi akauliza.

Sirili aliweka kikombe chini. Alikuwa amejirudia maneno hayo njia nzima.

— Godlove hakunitukana. Alinitolea majalada mawili. Moja jipya, moja lina vumbi. Akasema, mzee, sisi tunatazama mambo mawili. Kadi yako kongwe iliyo wazi ina umri gani, na katika kiwango chako chote umeshakula kiasi gani. Yako kongwe ina mwaka mmoja. Kiwango elfu hamsini, umekula thelathini na nane. Uko shingoni. Nikamwambia, mimi nimelipa miaka tisa. Akasema, najua, hata mimi nilikuwepo. Akafungua lile la vumbi. Kadi zangu zimo humo.

— Sasa si zimo? Gavana akasema. Si wazione?

— Jalada lenyewe limeandikwa WALIOHAMA NA MAREHEMU.

Gari la mchanga lilipita, vumbi likaingia kwenye vikombe, hakuna aliyefunika chake.

— Nikamwuliza Godlove, mimi nimehama? Hapana, mzee. Nimekufa? Akanitazama. Akasema, mzee, hapa kwetu kadi hafungi mtu aliye hai. Ukilipa unaiacha, inakaa, inakutetea. Wanaokuja kufunga ni wajane, tukishazika. Akasema yule Sirili wa miaka tisa, mwenye kiwango cha laki na tisini, tulishamfunga. Wewe uliyekaa hapa ni mgeni wetu.

— Mae! alisema Gladys.

— Kwani haziwezi kufunguliwa? Redio akauliza.

— Mwaka kesho, kwenye mkutano mkuu. Daktari anakuja Jumamosi.

Mngedhani hapo mtu mzima angenyamaza. Wapi. Gavana alikohoa, akajipangusa kashata ndevuni, na ikaja ile sauti ya meneja.

— Mimi naliona kosa. Kosa si kufunga. Kosa ni kwamba baada ya kufunga ulifungua nyingine. Umewachanganya. Ungekuwa huna kadi hata moja, huna deni hata senti, wangesemaje? Wangekosa pa kukushika!

— Wangekosa pa kunishika, wangenipa nini?

— Wangeshangaa kwanza.

— Eunike atalala juu ya mshangao?

— Mimi nasikia, Redio akadakia, huko Dar wana mashine. Unaingiza jina, inakwambia huyu mtu atalipa au hatalipa. Na inasemekana ukifika mwaka elfu mbili itafuta majina yote, wenye kadi na wasio na kadi, tunaanza upya sote kama Adamu.

— Basi Risiti angoje miaka mitatu, alisema Tarishi. Au afe kweli, jalada liwe sahihi.

Alikuwa anatania. Ndivyo walivyotaniana hapo kila siku, na siku nyingine Sirili angemrudishia. Safari hii aliitazama mikono yake tu. Alikuwa anahesabu moyoni: mbuzi wawili, mabati sita aliyoyaweka kwa ajili ya jiko, baiskeli. Ng'ombe wawili wa zizini walikuwa wa watu, aliwatunza tu kwa maziwa. Vyake, kwa bei ya mtu mwenye haraka, havifiki hata laki.

Ndipo alipokuja Evelyn. Si mtu wa gogo. Ni mama aliyekuwa ananunua ndizi Masama na kuzipeleka Himo, alikuwa anangoja gari na mikungu yake minane kando ya barabara. Jua lilimkera, akaja kivulini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

Alikunywa amesimama, akawasikiliza wakirudia yote tangu mwanzo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake: ushauri, muhuri, jalada, mashine ya Dar. Alipomaliza kikombe alimgeukia Eliufoo, hana hasira, hana nini, kama anauliza bei.

— Samahani baba. Wewe za kwako ulizifunga lini?

Gavana akafungua mdomo.

Redio alitazama barabarani. Tarishi, ambaye sheria yake ilikuwa na jibu la kila kitu, aliinama akafunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa. Kwa mara ya kwanza Sirili aliinua macho.

— Eliufoo. Mama amekuuliza.

— Mimi... za kwangu...

— Unazo?

— Ninazo mbili. Za themanini na nne.

— Ziko wazi?

— Nilitaka kufunga! Mke wangu akakataa. Alisema nikizigusa hanipikii.

— Na hilo hukuniambia.

— Hukuniuliza, Sirili.

Evelyn akaweka shilingi ishirini juu ya meza ya Gladys, akaenda kungoja gari lake juani. Nadhani jua lilimfaa zaidi kuliko kivuli kile.

Eliufoo hakuwa mtu mbaya, na msiniambie nimwite mbaya. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo haukuwa na kazi. Jioni ile alimfuata Sirili nyuma njiani akimwambia atakopa kwa kadi zake ampe. Alikwenda kweli, kesho yake. Wakamwambia fomu inapita kamatini, kamati inakaa Jumatatu. Sirili aliuza mbuzi, akauza mabati, akauza na baiskeli. Ijumaa saa nane alifika hospitali na elfu themanini na saba kwenye leso. Mhasibu alizihesabu vizuri, akamrudishia.

Jumamosi daktari akaja, akaweka vyuma watu wengine, akaondoka.

Laki ya Eliufoo ilitoka Jumatano iliyofuata. Ilikuwa fedha halali, noti mpya. Ilinunua dawa za maumivu na magongo mawili.

Eunike alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, na mguu wa kulia ni mfupi kwa vidole vinne. Mlima ule mnaujua. Kutoka kwake kwenda popote ni kupanda au kushuka. Kanisani alipelekwa kwa mkokoteni mara mbili, mara ya tatu akasema Mungu anajua anapokaa.

Ndipo wazee wa ukoo wakakaa, uani kwa Sirili, siku ya Jumapili baada ya ibada. Eliufoo akaja na jani la isale mkononi, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeomba radhi, na nyuma yake beberu mmoja na madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Isale halikataliwi, kwa hiyo Eunike alilipokea. Akaliweka juu ya kiti. Kisha akamtazama yule beberu.

— Huyo atachinjwa leo?

— Ndiyo, mama, wazee wakasema.

— Atakula nani?

Akajijibu mwenyewe.

— Mtamla nyie. Na mbege mtakunywa nyie. Mimi mnanilipa nini?

— Sema unachotaka, mama.

— Nina ng'ombe wawili zizini, na majani yako chini tambarare. Nilikuwa naleta mizigo miwili kwa siku, kichwani. Sirili mgongo hauwezi. Eliufoo ndiye atakayeleta.

Watu waliguna. Mwanaume mzima, kubeba majani kichwani kama mke wa mtu! Mzee mmoja akasema apewe punda, au alipe kibarua.

— Kichwani, Eunike akasema. Na apite Kwa Sadala, mchana, siyo gizani.

Eliufoo mwenyewe ndiye aliyeuliza, sauti ya meneja imeshakufa:

— Mpaka lini, shemeji?

— Mpaka huu mguu urefuke.

Alileta mizigo miwili kila siku, Jumapili mmoja, kwa miaka saba na miezi minne, mpaka mwenyewe alipoanguka na kiharusi. Wakati huo Eunike alikuwa bado anapima mguu wake ukutani.