Papa Viateur na Panya Kumi na Wawili Wasio na Alama

Baada ya miaka ishirini na sita na miezi mitatu, Papa Viateur Nsengimana, mtunza panya wa Maabara ya Damu ya Katoyi, anastaafu tarehe 30 Juni 2023. Aliajiriwa Machi 1997, vita vya kwanza vya Kongo vikiwa bado vibichi mjini Goma, na kazi yake ilikuwa kulinda mlango. Mwaka haukuisha akahamishiwa kwenye vizimba, maana alikuwa na maswali mengi kuliko wageni aliowafungulia.

Volkano ilipolipuka mwaka 2002, alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu na kikapu cha panya kichwani. Godoro jipya la nyumbani alilisahau, lava haikulisahau. Mkewe, Mama Perpétue, anamkumbusha hadi leo. Karibu panya wetu wote ni uzao wa kikapu kile.

Tunachochunguza ni hiki. Ndani ya mifupa kuna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Panya akipewa seli za kinga za panya wa ukoo mwingine, seli hizo, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, huvamia uboho na kuumaliza katika wiki tatu hivi. Masikio yake hupoteza wekundu. Papa Viateur alipoelezwa hayo hakushangaa. Aliyeishi Goma miaka ya uasi anajua kwamba aliyepewa silaha alinde nyumba anaweza kuigeukia. Alichotaka kujua ni kwa nini wengine hawageuki.

Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache baadaye mtaa wetu ukaamriwa kuhama. Papa Viateur alipakia mzigo kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akausukuma hadi mji wa Sake. Alikuwa na panya kumi na wawili wa jaribio: sita waliopewa seli na sita wasiopewa. Walitofautishwa kwa alama za wino mkiani, ambazo hurudiwa kila siku ya tatu. Ili kupunguza mzigo, aliwachanganya katika kizimba kimoja, na kalamu ya wino akaiacha Katoyi. Aliporudi baada ya siku kumi na moja, mikia yote ilikuwa safi.

Mkataba wake wa kazi ulikuwa unamalizika mwezi huo wa Juni, na mkuu wetu, Daktari Henriette Mukashyaka, alikuwa amelingojea jaribio hilo mwaka mzima. Mwandishi wa mistari hii alimwonea Papa Viateur huruma, akamnong'oneza shauri: wenye masikio meupe awahesabu kuwa walipewa seli, wenye masikio mekundu kuwa hawakupewa, na hakuna atakayejua. Papa Viateur alikataa. Aliingia ofisini kwa mkuu, akaeleza kosa lake lote, na shauri lile pia, bila kutaja la nani. Kisha akasema:

“Docteur, nikiwapanga kufwata rangi ya masikio, itakuwa ni miye najibu pa nafasi ya panya. Andika tu kama sijue.”

Daktari aliandika hivyo, kwamba haijulikani panya yupi ni yupi. Jaribio lilifutwa, likaanza upya. Mkataba mpya ulitiwa saini siku ya mwisho ya mwezi, wakati sisi wengine tulikuwa tumeshakata tamaa.

Safari hii, kati ya panya sita waliopewa seli, wawili walibaki na masikio mekundu na uboho mzima. Tukarudia, wakatokea tena wa namna hiyo. Tunadhani wana seli za kinga zinazozizuia seli nyingine kushambulia, na sasa maabara nzima inawafuatilia hao. Kwa shauri lile la masikio, tungewaweka upande wa wasiopewa kitu, tukaandika kwa majivuno kwamba panya kama hao hawapo duniani.

Aksanti, Papa Viateur. Mungu akujalie uzee wenye afya huko Kibumba, pamoja na Mama Perpétue na wajukuu. Na mimi, Damien, niliyetaka kukuokoa kwa uongo, naomba unisamehe mbele ya wote.