Bi Arafa Abubakary wa Kisiba, Aliyeinuka Mwenyewe

Marehemu Bi Arafa binti Abubakary alizaliwa hapa Kisiba, wilayani Rungwe, tarehe 3 Agosti 1950. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Abubakary, muuza nguo aliyetoka Kilwa, akaoa Unyakyusa na hakurudi tena pwani. Kwa upande wa mama alikuwa Mnyakyusa, na Kurani aliisoma kwa lafudhi ya Kinyakyusa hadi mwisho. Hakuna shehe aliyethubutu kumsahihisha.

Alisoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1962. Baada ya hapo aliendelea na madrasa, akalima, akaanza kuuza ndizi. Kwa zaidi ya miaka arobaini alibeba mikungu kichwani hadi sokoni, akipanda na kushuka vilima. Wenzake walipolalamika kwamba anawakimbiza, aliwaambia, "Mnatembea kama mmebeba mayai. Ni ndizi hizo."

Tarehe 14 Juni 1969 aliolewa na Bwana Husseni, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Mzee Husseni alifariki mwaka 2011. Bi Arafa alibaki nyumbani kwake na migomba yake.

Mwaka 2019 wanawe tulimhamishia Tukuyu mjini, kwa mwanawe mkubwa, Rahim, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Tulifanya hivyo kwa heshima. Tulikubaliana kwamba mama amefanya kazi ya kutosha. Jembe tulilificha, maji aliletewa, chakula alipelekewa kitini. Akitaka kwenda kwa jirani, bodaboda iliitwa. Alituuliza, "Kwani nimekuwa bibi harusi?" Tulicheka. Majirani walitusifu kwa kumtunza.

Kufikia mwaka 2023 hakuweza kuinuka kwenye sijida bila kushikwa mikono. Septemba mwaka huo alianguka bafuni. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Winfrida, alimpima mapaja, kisha akatugeukia sisi.

"Mifupa ni mizima. Umri unapunguza misuli, sikatai, lakini hii ya miguu imekwisha zaidi kwa kukaa. Nani amemkalisha huyu mama?"



Aliagizwa kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, kupanda ngazi za baraza, kutembea, na kula maharage na mayai ya kutosha. Siku ya kwanza aliinuka mara mbili tu. Alitaka kurudi kwake Kisiba, nasi tukamwahidi kwamba siku atakayoinuka chini mwenyewe, tutamrudisha. Ukweli ni kwamba tulidhani siku hiyo haitafika. Binti yake, Nusrat, alipotaka kumshika kwapani, alimwambia, "Ndaga, mwanangu, asante, lakini niache. Ukinishika, miguu inajua."

Mwezi wa Ramadhani mwaka huu, katika swala ya alasiri, aliinuka kwenye sijida peke yake, akasimama wima, wote tukimwona. Alipomaliza kutoa salamu hakutabasamu. Alisema, "Haya. Fungasheni."

Tulimwomba asubiri mvua ziishe. Zilipoisha, tukasema paa la nyumba yake linataka mabati mapya. Julai tukasingizia baridi. Yeye aliendelea na mazoezi yake, asubuhi na jioni, na hakutuuliza tena.

Tarehe 7 Novemba 2025 alipatwa na homa ya mapafu. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 75.

Ameacha watoto watatu, Rahim, Nusrat na Muddy, wajukuu tisa na vitukuu wawili.

Mama alitimiza lake. Sisi tumemrudisha Kisiba leo, tukiwa tumembeba, na tunasema mbele yenu kwamba tunaona aibu. Mwenyezi Mungu amrehemu, aliangaze kaburi lake, na atusamehe sisi tuliomchelewesha.