Mama Tecla, Aliyewavumilia Hata Wafariji Wake

Baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha chai, Mama Tecla Chepkirui anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwenye sehemu ya kunyausha majani, msichana wa Kimulot mwenye sauti kubwa, na anaondoka akiwa msimamizi wa zamu. Wakubwa wetu walimpandisha cheo mara moja tu, wasije wakamchosha kwa furaha.

Tangu mwaka wake wa kwanza ndiye aliyeongoza maombi ya asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Aliomba kwa nguvu kiasi kwamba fundi wetu Mageto alidai boila ilikuwa ikipata moto kabla ya kuni.

Kisha mvua kubwa ikaja. Mumewe, Isaiah, alikuwa dereva wa lori la majani. Lori liliteleza kwenye matope na kupinduka, na ingawa alitolewa akiwa hai, hakutembea tena. Mama Tecla akawa anamgeuza kitandani, anamwosha, anamlisha uji, ndipo anakuja kazini. Ilikuwa nafasi nzuri kwa watu wa Mungu kuonyesha vipawa vyao, nao hawakuipoteza.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Wambugu, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Alikunywa chai, akamaliza maandazi, akasema, "Furahi, dada. Mungu humjaribu yule anayempenda." Halafu akaingia kwenye gari lake jipya akaenda zake, bila kupendwa hata kidogo.

Baada yake akaja nabii mmoja kutoka Sigor. Alimshika Isaiah kichwa, akakisukumasukuma, akamwamuru asimame. Isaiah hakusimama. Kwa kuwa kosa haliwezi kuwa la nabii, lilitafutwa kwa mke.

"Hapa nyumbani kuna dhambi imefichwa," nabii akatangaza.

"Basi nisaidie kumgeuza mgonjwa, tuitafute pamoja," Mama Tecla akamwambia. "Shuka limelowa."

Nabii akakumbuka kwamba alikuwa na mkutano mwingine.

Kwaya nayo haikubaki nyuma. Mwenyekiti wake, Dorcus, alimpumzisha Mama Tecla kuongoza nyimbo kanisani, kwa upendo mwingi. Ilisemekana uso wake ulikuwa unawavunja waumini moyo, hasa wakati wa nyimbo za shangwe.

Hapo ndipo Mama Tecla alipoishiwa nguvu. Asubuhi moja alisimama mbele yetu kuomba, akafungua mdomo, akaufunga tena.

"Leo sina maneno," akasema mwishowe. "Mungu sijamwacha, lakini hatuongei."

Wengi wetu tuliangalia viatu vyetu. Mageto, ambaye hajawahi kuomba mbele ya mtu, akavua kofia. "Basi tusimame tu, Mama," akasema. "Na yeye anatuona."

Tukasimama. Ikawa hivyo asubuhi nyingi, miezi mingi. Meneja wa wakati huo alilalamika kwamba tunapoteza muda wa kampuni kwa kunyamaza. Tulipokuwa tukipiga kelele hakuwa na neno.

Mama Tecla alikuja kila siku, macho mekundu, akasimama mahali pake. Hakuna kanisa lililomwita kutoa ushuhuda. Mtu ambaye mgonjwa wake hajaponywa ana nini cha kusimulia?

Muujiza haukuja. Isaiah alikufa mwaka wa tisa wa kulala kwake. Wahubiri walijipanga mazishini kama magari kwenye soko la Chepilat, kila mmoja akiwa na neno fupi la saa nzima. Mama Tecla aliwapita wote, akasimama kando ya kaburi na kuomba mwenyewe.

"Bwana, nimechoka, na wewe unajua. Mpokee huyu. Alikuwa mpole hata akiumia. Amina."

Hatukuwa tumesikia sauti yake ikiomba kwa muda mrefu sana. Tulilia sote, hata wale waliokuwa bado wanasubiri kipaza sauti.

Mwaka juzi Kipchirchir, anayepakia magunia, alifiwa na mtoto mdogo. Wafariji wakakusanyika tena, wamekariri mistari yao. Mama Tecla alifika na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Alikamua ng'ombe, akaosha sufuria za matanga, akaketi karibu na mama wa mtoto, asiseme kitu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kipchirchir alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga kanisani tena. Siku hizi anakaa benchi la pili. Anasema Mama Tecla ndiye aliyemrudisha, ingawa hakumwalika hata siku moja.

Ijumaa iliyopita kampuni ilimpa saa kubwa ya ukutani, zawadi ya busara kwa mtu ambaye hana tena haraka ya kwenda popote. Shirley wa ofisi ya wafanyakazi akamwomba atuambie siri ya kuvumilia, kalamu ikiwa tayari kuandika hatua saba za ushindi.

"Mimi sikuvumilia vizuri," Mama Tecla akamjibu. "Nililia. Nilimkasirikia Mungu, na nikamwambia. Sikuwa na mwingine wa kumwambia."

Shirley akaweka kalamu chini.

Asante, Mama Tecla. Tunakuombea maisha mema huko Kimulot, magoti yasiyouma, ng'ombe wenye maziwa, na majirani wasio na ushauri mwingi. Shida ikibisha tena mlangoni kwako, tutakuja. Tutajitahidi kufunga midomo.