Seva ya Maabara na Ubongo wa Pili

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta wa kinyozi, likitazamana na lango la maabara ng'ambo ya barabara. Mwenye birika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimimina kahawa hata kwa asiyeomba. Saa nne asubuhi Fundi wa kompyuta wa maabara alifika amefura. Tangu juzi seva, ile mashine kubwa inayotunza majibu ya vipimo vya wagonjwa, ilikuwa imegoma, na meneja alikuwa amempa hadi saa nane aandike barua akiri kwamba ni yeye aliyeiharibu, la sivyo kibarua kimeota nyasi. Mtu amefanya kazi miaka tisa bila doa, leo anaambiwa akiri kosa la mwingine! Alimeza kikombe cha kwanza bila hata kuhisi moto wake.

— Hebu anzia mwanzo, alisema Kinyozi, aliyekuwa amemwacha mteja ndani na kichwa nusu.

— Seva ilikuwa na prosesa moja. Ubongo mmoja, tuseme. Wakataka iongezewe wa pili iende kasi. Sawa. Nikaandika kwa mkono wangu: leteni pacha wa huu, namba kwa namba. Ofisa manunuzi kaleta nini? Binamu! Jina la ukoo lilelile, toleo jingine kabisa!

— Ukakubali?

— Nikubali wapi! Meneja ndiye aliyesema, funga bwana, prosesa ni prosesa. Nikafunga. Nikawasha. Feni zikanguruma dakika moja, taa nyekundu, kimya. Halafu mharibifu ni mimi?

— Wanakuonea mchana kweupe, alisema mwenye birika, akamwongezea kahawa.

Waya, fundi umeme ambaye hajawahi kuuacha mjadala upite bila yeye, alikohoa.

— Huo ni umeme, kaka. Waya mmoja, bongo mbili. Zinanyang'anyana.

— Umeme nimeupima. Unatosha.

— Umeupima mchana. Umeme wa mchana mpole, unakudanganya.

— Acha hizo! Kinyozi alidakia. Yule wa kwanza amekaa peke yake miaka yote, ndiye bwana wa nyumba. Leo unamletea mwenzake bila hata kumjulisha? Mimi nilipomleta dada yangu akae kwetu, mke wangu alizima wiki nzima. Hata taa nyekundu sikuiona.

Wakacheka wote isipokuwa Fundi.

— Mnajisumbua bure, alisema mwenye birika. Wamekuwa wawili, wanapiga soga. Nyinyi hapa mko wangapi, na nani anafanya kazi?

— Au huyo wa pili katumwa! Waya alikuwa amesimama sasa. Kaja kuchukua siri za wagonjwa. Wa kwanza kamshtukia, kajifungia ndani na majibu yote.

— Basi huyo wa kwanza apewe cheti! alisema Kinyozi.

Fundi alipiga benchi kwa kiganja hadi vikombe vikaruka.

— Nyamazeni! Hakuna siri wala nini. Hazilingani, basi! Na hiyo prosesa ya pili siitoi ng'o. Nimeiacha palepale, mashine iko wazi, meneja aje asome namba kwa macho yake na ofisa manunuzi akiwa pembeni. Ule ndio ushahidi wangu.

— Usiitoe! Kinyozi aliunga mkono. Ukiitoa tu, watakuruka kimanga.

Wakati huo mama mmoja alivuka barabara taratibu akitokea langoni, mkono mmoja ubavuni, mwingine umeshika bahasha. Mwenye birika alimsogezea nafasi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimeambiwa fundi wa mashine yuko hapa.

— Ni mimi, mama. Lakini sikuiharibu mimi.

— Sikuja kwa hilo. Jana nilikuwa nipasuliwe. Daktari kasema hanigusi mpaka aone majibu yangu, na majibu yamo humo. Jana nimerudishwa, leo nimerudishwa. Yamepotea?

— Hayajapotea. Yapo yote.

— Kinachozuia nini?

— Kuna kitu wameongeza ndani, hakilingani na mashine.

— Na ukikitoa?

— Itawaka kama zamani, alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Kazi ya siku ngapi hiyo?

— Dakika ishirini.

Mama alimtazama. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Fundi.

— Sasa, mwanangu, mbona hujakitoa?

Kinyozi alimkumbuka mteja wake lakini hakuinuka. Waya alikaa. Fundi alifungua kinywa aseme juu ya barua, juu ya namba, juu ya miaka tisa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Siku mbili nzima alikuwa amemkasirikia meneja, na aliyezilipa siku hizo mbili ni huyu mama.

Aliweka kikombe chini, akainuka, akaanza kuvuka barabara.

— Kaka, Waya alimwita kwa sauti ndogo. Hiyo namba, si ungeipiga picha tu?

Fundi hakugeuka.