Bi Matone Anaondoka, Tangi Bado Halina Samaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika jumba letu la samaki, Bi Matone anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Wasifu huu umeandaliwa na masijala na kusomwa mara kadhaa kabla ya kuchapwa. Palipo na kosa, ni la mwandishi, si lake.

Alianza kama mfagizi wa ukumbi, akahamia kulisha samaki, hatimaye akawa msimamizi wa matangi ya maji ya chumvi. Jina la utani alipewa na madereva, kwa kuwa kila asubuhi walimkuta dirishani akidondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji, macho kwenye rangi, hasikii salamu. Wenye haraka walijifunza kumwamkia akishamaliza.

Enzi hizo tangi jipya lilijazwa maji leo, samaki kesho. Walitangulizwa samaki wa bei rahisi. Uchafu wao ukageuka amonia, ikawaunguza matamvua ya kupumulia, wakafa, wakaletwa wengine. Watu waliona ndiyo desturi. Bi Matone aliona ni unyama. Akaanzisha utaratibu tunaoufuata mpaka sasa: maji ya chumvi na mawe huwekwa, pampu huwashwa, kisha badala ya samaki hutiwa amonia kidogo isiyo na sabuni wala manukato. Hicho ni chakula cha bakteria, viumbe wasioonekana wanaoota kwenye mawe na sponji ya chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi la pili huila nitriti na kuacha kisicho na madhara makubwa. Sumu zote mbili zikitoweka ndani ya siku moja baada ya amonia kutiwa, ndipo samaki hukaribishwa, wachache wachache. Kabla ya hapo, husema Bi Matone, tangi ni nyumba isiyo na choo.

Wageni walinung'unika kulipia kutazama mawe. Yeye aliwasindikiza kwenye tangi la jirani na kuwaomba subira.

Tangi kubwa mnaloliona nyuma ya meza kuu ndilo lake la mwisho. Hamu yake ilikuwa moja: kuwaingiza samaki kwa mkono wake kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita lilikuwa limekaribia kabisa kuwa tayari. Ndipo wenzake, kwa mapenzi matupu, wakaamua kumpambia ukumbi. Mtunza ghala, aliyeanza kazi pamoja naye, aliongoza usafi. Mawe yakasuguliwa kwa brashi, sponji ikakamuliwa chini ya bomba lenye maji ya klorini mpaka ikawa kama mpya. Tangi likang'aa.

Kesho yake Bi Matone alipima na kukuta amonia iko palepale. Aliketi juu ya ndoo. Mtunza ghala alitamani ardhi ipasuke. Kisha Bi Matone akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Kaka yangu," alimwambia, "umewafukuza wafanyakazi wangu wote, na barua hukuwapa."

Kazi ikarudi mwanzo. Mkurugenzi, kwa nia njema, alipendekeza watiwe samaki watatu sugu kwa muda wa hafla tu, ili mama asiondoke na hamu yake. Bi Matone alijua kuwa nafasi nyingine kazini hatapata. Akajibu kwa upole kwamba hakuna samaki atakayeunguzwa, hata kwa saa moja, ili yeye apigwe picha.

Kwa hiyo wageni wetu wasishangae: tangi liko tupu kwa amri yake. Mtunza ghala sasa ndiye anayelilisha amonia na kupima, na ameapa hatashika tena brashi bila ruhusa.

Ahsante, Bi Matone, kwa kazi yako na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasikivu. Maji yakiwa tayari, hatutatia hata samaki mmoja mpaka ufike. Wala usikimbie. Kusubiri umeshatufundisha.